Shamba Lisiloonekana Katika Ramani

Kila mtu ametoka mahali, lakini si kila mtu awezaye kupaonyesha kwa kidole. Yule awezaye hupaona kuwa jambo dogo, kama mzima aonavyo uzima wake. Yule asiyeweza huchukua moyoni swali ambalo huamka kila anapoulizwa kwao ni wapi. Mimi nilikuwa katika kundi la pili. Nilijua jina la wilaya na jina la ukoo, nikajua na majina ya wazee wa ukoo huo hata kizazi cha nne. Lakini shamba ambalo babu wa baba yangu alilima, akajenga, na akazikwa humo, sikulijua lilipo. Niliazimu kulitafuta kwa msaada wa ramani za zamani. Katika insha hii nitaeleza kwa ufupi nilivyolitafuta, lakini nia yangu kubwa ni kulipima swali ambalo sikuwa nalo nilipoanza, likanijia nilipomaliza. Je, mtu akishajua mahali palipokuwa pa mzee wake, ujuzi huo humpa haki gani juu ya mahali hapo, na humtwika wajibu gani kwa watu anaowakuta hapo?

Nchi ninayoisema ni Buha, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako leo kuna Wilaya za Kasulu na Kibondo pamoja na jirani zake Buhigwe na Kakonko. Ni nchi ya vilima na mabonde, ya migomba na maharage, ya mahindi na mihogo. Zamani haikuwa chini ya mtawala mmoja. Ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi. Chini ya mwami walikuwako watwale, ambao ni wakuu wadogo. Na kando yao walikuwako wateko, wazee wa koo za kale waliotunza matambiko ya ardhi na kumwonyesha mgeni mahali pa kulima. Waha hawakukaa kwa kusongamana. Kila mji ulikuwa peke yake juu ya mgongo wa kilima, umezungukwa na migomba yake na ua wake, na jirani alikuwa mtu wa kuitwa kwa sauti kutoka ng'ambo ya bonde.

Watu waliokaa hivyo walipoondolewa, hawakuacha magofu. Nyumba ya miti na nyasi huoza kwa misimu michache, na migomba isiyopaliliwa humezwa na kichaka. Tena waliondolewa mara nyingi. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya kwenda mashamba ya mkonge ilifupika, na katika miaka iliyofuata vijana wa Buha walikwenda Tanga na Morogoro kwa maelfu, wakaitwa manamba. Vita vilipoingia, Wabelgiji waliitwaa nchi hiyo mwaka 1916, wakaishika mpaka mwaka 1921. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu zenye mbung'o, wakakusanywa mahali pamoja ili wasipatwe na malale. Mwisho ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowashusha watu kutoka migongo ya vilima na kuwapanga katika vijiji kandokando ya barabara, hata kabla ya amri ya mwaka 1973 iliyoieneza kazi hiyo nchi nzima.

Babu yangu alikuwa Tanga katika mkonge wakati wa operesheni. Nduguye aliyeachiwa shamba alipelekwa kijiji cha mbali, naye akafa huko bila mtoto. Babu aliporudi alikuta bonde la baba yake limetiwa katika mipaka ya kijiji kipya, na watu walioletwa kutoka vilima vingine wamegawiwa. Hakudai. Alikaa Kasulu mjini mpaka kufa kwake, na maneno aliyomwachia baba yangu yalikuwa machache: mwendo wa siku moja kutoka Heru, mahali vijito viwili vinapokutana, chini ya kilima chenye jiwe jeupe, katika nchi ya mtwale fulani ambaye alimtaja kwa jina. Maneno hayo yalikuwa urithi wetu wote.

Ramani ya kwanza niliyoitazama ni ile kubwa ya Wajerumani, yenye kipimo cha 1 kwa 300,000, iliyotolewa kidogo kidogo mjini Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer tangu mwisho wa karne ya 19, ikatengenezwa kwanza na Richard Kiepert, kisha na Paul Sprigade na Max Moisel. Mchora ramani alikaa mezani pake Ulaya. Waliotembea ni maofisa na wasafiri, kila mmoja na dira yake na saa yake, wakiandika mwelekeo wa njia na muda wa mwendo, mto waliouvuka na kilima walichokiona kushoto au kulia. Daftari hizo zilipelekwa Berlin, zikaunganishwa kama vipande vya kaniki katika nguo moja. Kwa hiyo ramani hiyo ni picha ya njia kabla ya kuwa picha ya nchi. Palipopita msafiri pamejaa majina. Hatua chache kando ya njia karatasi ni nyeupe. Naye msafiri hakupita kila mahali, wala hakupita kwa utulivu kila alipopita. Stanley alipokuwa njiani kwenda Ujiji mwaka 1871, alidaiwa hongo na wakuu wa Buha hata akaona heri apenye usiku. Mtu anayepenya usiku hawezi kuandika majina mengi.

Majina nayo yataka hadhari. Mzungu aliuliza, mpagazi au mkalimani akajibu, na mkalimani huyo aghalabu alitoka pwani au Unyamwezi. Ndiyo maana Buha ikaandikwa Uha, Burundi ikawa Urundi, na Bujumbura ikawa Usumbura: sauti ya B iliyo mdomoni mwa mwenyeji ilianguka katika sikio la mgeni, nalo tamko la pwani likashika mahali pake. Kisha Mjerumani akaliandika kwa tahajia ya kwao, Ujiji ikawa Udjidji. Jina moja, basi, limechujwa mara tatu kabla ya kukaa katika karatasi. Mwanafunzi wa lugha anayeijua safari hiyo ya sauti anaweza kuirudia kinyumenyume, naye atapata mengi. Asiyeijua atatafuta mahali pasipopata kuwapo.

Lakini kuna jambo zito kuliko tahajia. Majina mengi katika ramani hiyo si ya mahali, ni ya watu. Msafiri aliuliza, "Hapa ni wapi?" naye akajibiwa, "Hapa ni kwa fulani." Akaandika jina la fulani kana kwamba ni jina la kilima. Mtwale akifa au akihamishwa, kilima hubaki na jina huondoka. Utawala wa machifu ulipoondolewa kwa sheria mwaka 1963, hata sababu ya kuyakumbuka majina hayo ilipungua. Hata hivyo, upotovu huo ndio ulionifaa. Jina la mtwale aliyetajwa na babu nililikuta katika ramani, limeharibika lakini linatambulika, kando ya kijito. Nakiri kwamba nililia, nami ni mtu mzima.

Machozi yalipokauka nilishika rula. Katika kipimo kile, sentimeta moja ya karatasi ni kilometa tatu za ardhi. Shamba la ekari mbili, ambalo kila upande wake ni kama mita 90, huwa theluthi ya milimeta moja, nalo laweza kufunikwa lote na mstari wa kalamu. Ramani ilinipa ujirani. Shamba lenyewe haikunipa, wala haikuweza kunipa. Nilitafuta ramani za baadaye, zenye kipimo cha 1 kwa 50,000, zilizochorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani na kutengenezwa kwa msaada wa ile idara ya upimaji iliyoundwa Uingereza mwaka 1946. Hizo zina mistari ya miinuko, zina kila kijito, na nyumba zimewekwa kuwa nukta nyeusi. Humo niliona makutano ya vijito yanayolingana na maneno ya babu. Nilikuta na makutano mengine mawili yasiyo mbali, ambayo yalilingana nayo karibu sawasawa. Mtafutaji mwaminifu hana budi kuyataja hayo mawili kila anapolitaja lile moja.

Tulikwenda watatu: baba yangu, baba yangu mdogo, na mimi. Tulifuata kijito kutoka barabarani kwa saa mbili. Kilima kilikuwa na jiwe, lakini halikuwa jeupe kwa namna tuliyotazamia. Lilikuwa la kijivu, likang'aa upande mmoja jua lilipolipiga. Chini yake tulikuta mstari wa minyaa mizee isiyozunguka kitu, na mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambao hauoti kwa mstari na ua isipokuwa umepandwa na mtu. Kati ya vitu hivyo palikuwa na shamba la maharage na mihogo lililopaliliwa vizuri, na katikati yake mama mzee mwenye jembe.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmepotea?"

Baba alimweleza sisi ni nani na tunatafuta nini. Nami kwa haraka ya msomi nikaikunjua ramani juu ya majani ya mihogo. Mama yule aliitazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sijapata kulijibu vema mpaka leo.

"Karatasi hii, mwanangu, inalionyesha na shamba la baba yangu?"

Alitwambia kwamba yeye na mumewe waliletwa hapo mwaka wa operesheni kutoka kilima cha upande wa Kibondo, wakiwa na mtoto mmoja mgongoni. Hawakuchagua bonde hili. Walionyeshwa. Mumewe alikwisha kufa. Alikitaja kilima cha kwao, nami nikakitafuta katika ramani ya Wajerumani, nikaona mahali kingepaswa kuwapo. Palikuwa peupe. Hapana msafiri aliyepita huko.

Hapo ndipo fikira zangu zilipogeuka. Nilikuwa nimekuja na ushahidi, nikadhani ushahidi ni haki. Lakini ikiwa haki ya shamba itafuata ramani, basi wenye haki ni wale ambao wazee wao walikaa kando ya njia ya msafara, na wasio na haki ni wale ambao msafiri hakuwa na nafasi ya kuwapitia. Uchovu wa mgeni mmoja utakuwa hakimu wa vizazi. Tena weupe wa karatasi haukuwa bila madhara hata katika siku zake. Kwa amri ya tarehe 26 Novemba 1895, serikali ya Wajerumani ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya dola. Mahali palipokosa jina katika karatasi palikuwa karibu sana na kuitwa pasipo na mwenyewe. Chombo kilichowanyima wengine kuonekana si chombo cha kumtolea mwanamke shambani kwake.

Baba yangu mdogo hakukubali. Njiani kurudi alinikabili kwa maneno makali: "Wewe umelipata shamba kwa elimu, na sasa walipoteza kwa elimu hiyo hiyo. Baba yetu alinyamaza kwa kuwa hakuwa na karatasi. Sisi tunayo. Tukinyamaza, tumeihalalisha dhuluma." Hoja hiyo ni nzito, na mwandishi anayeipuuza ni mwoga. Kupita kwa miaka hakugeuzi kosa kuwa haki. Kama kungegeuza, mnyang'anyi angehitaji uvumilivu tu.

Nchi yetu yenyewe imekwisha kulipambania swali hilo mahakamani. Baba mmoja na mwanawe wa Mkoa wa Arusha waliopoteza ardhi katika siku za vijiji walishitaki, wakarudishiwa. Kisha sheria ya mwaka 1992 ikataka kuzifuta haki za kimila za namna hiyo bila fidia. Katika shauri lao, lijulikanalo kwa jina la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu hawezi kunyimwa bila fidia ya haki. Kwa hiyo baba yangu mdogo hakusema upuuzi. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilithibitisha ugawaji uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, ikasema kwamba ugawaji huo ulizimaliza haki za aliyekuwa na ardhi kabla yake. Sheria hiyo yamlinda mama yule. Ijapokuwa sheria imesema, moyo bado una ruhusa ya kuuliza kama imesema vema.

Mimi naona imesema vema kwa habari ya mama, bila kusema yote kwa habari ya babu. Aliyemwondolea babu shamba si aliyelipewa. Mama yule naye aliondolewa, kwa mkono ule ule, katika mwaka ule ule. Tukimtoa, tutalipiza kosa kwa mtu aliyekosewa pamoja nasi, na yeye itampasa aende kwenye kilima cha baba yake, amtoe atakayemkuta huko, na huyo amtoe mwingine, mpaka Buha yote iwe safarini tena kama mwaka 1972. Deni la fidia, kama lipo, halidaiwi kwa jirani. Hudaiwa kwa aliyetoa amri.

Iko na sababu ya pili, nayo imo katika desturi ya mzee wetu mwenyewe. Yeye hakulipata bonde lile kwa karatasi. Kwa desturi ya nchi, mtu huonyeshwa mahali na mteko, hufyeka, hulima, na kulima huko ndiko kunakoshika haki yake. Mahali palipoachwa hurudi mikononi mwa wenye dhamana ya ardhi, na mhitaji mwingine huonyeshwa. Anayelidai shamba kwa sababu jina la mtwale limeandikwa Berlin anadai kwa kanuni ambayo mzee mwenyewe hakuijua, na labda angeicheka. Tukipima kwa kanuni aliyoijua, miaka 50 ya jembe la mama yule ni hoja kubwa kuliko machozi yangu ya saa moja. Ni kweli kwamba mzee wetu hakuliacha shamba kwa hiari, wala nduguye babu. Lakini mama naye hakulishika kwa hila. Katika mizani hiyo nimepima mara nyingi, na kila mara mizani imemwelekea yule ambaye watoto wake wangelala njaa.

Basi kujua mahali hakufai kitu? Hufaa. Kabla hatujaondoka, mama alituongoza mpaka kando ya ule mti mkubwa. Palikuwa na mawe yamepangwa, nyasi zimeota kati yake, na jembe halikupita hapo. "Tulipoletwa tuliyakuta," alisema. "Nikamwambia mume wangu, hapa pana mtu. Tukamwachia nafasi yake." Hakujua jina lake, wala hakuonyeshwa ramani. Kwa miaka yote hiyo, katika shamba la ekari mbili na watoto wa kulisha, alikata kipande asilime kwa ajili ya maiti asiyemjua. Sisi tuliokuwa na jina tulikuwa mjini.

Siwezi kuapa kwamba aliyelala hapo ni babu wa baba yangu. Makutano mengine mawili ya vijito yangali katika ramani, nayo hayajakanushwa. Lakini naweza kusema ni nini tulichokuwa na haki ya kukiomba, nacho tulikiomba: ruhusa ya kupita, ruhusa ya kupalilia mawe yale mara moja kwa mwaka, na jina la mzee kuandikwa katika kumbukumbu za serikali ya kijiji kwamba aliwahi kukaa huko. Mama alikubali. Naye akaomba jambo moja, nalo si fidia wala zawadi. Aliniomba nikitafute kilima cha baba yake kama nilivyotafuta cha kwetu, kwa kuuliza wazee, maadamu karatasi haikumjali. Kazi hiyo ninaifanya. Nimepata mpaka sasa jina la kijito na majina ya watu watano waliokaa hapo, nami nimeyaandika kwa penseli mahali penye weupe.

Baba yangu mdogo hajaja nasi tena, nami simlaumu. Yeye anataka haki itimie katika siku zake, na hilo si takwa baya. Ila nimejifunza kutenganisha mambo mawili ambayo nilipoanza niliyaona kuwa moja: kumiliki na kutambuliwa. Dhuluma ya kumwondoa mtu katika ardhi ni mbili ndani ya moja. Humnyang'anya chakula, tena humfuta kana kwamba hakuwako. Chakula kilichonyang'anywa mara nyingi hakirudishiki bila kumnyang'anya mwingine. Kufutwa hurudishika, na kumrudishia mtu jina lake hakumpunguzii mtu yeyote jina lake. Ramani ya zamani ikitumika kwa kazi hiyo ni shahidi mwema, ijapokuwa ni shahidi mwenye macho mabovu. Ikitumika kumtoa mzee shambani, inarudia kazi iliyochorewa.